Pikipiki Hainuni Ghafla

Maneno haya niliyasema Uyole mbele ya walimu, wauguzi na maafisa ugani wapya waliopangiwa vijiji vya milimani. Nimeyaandika kama yalivyotoka, isipokuwa pale nilipojirudia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini mliopo, itifaki imezingatiwa. Mwagonile nyote. Na ninyi mliotoka Pwani, ambao nawaona mmejikunyata huko nyuma na mikono mmeibana mapajani, karibuni Mbeya. Hii ni Mei tu. Subirini Julai.

Nimeombwa niongee dakika ishirini juu ya usalama barabarani. Niliiangalia ratiba nikasema hapana, ya usalama barabarani mtaambiwa na askari, tena yeye ana picha za kutisha kuliko zangu. Mimi nitaongea habari ya pikipiki yenyewe. Ile inayokuacha njiani saa kumi na mbili jioni, ukungu unashuka, simu ina asilimia nne, na nyumba ya karibu ni ya mtu mwenye mbwa watatu.

Mimi ni afisa ugani. Kwa miaka kumi na minne nimeishi hapa Uyole, na kazi yangu iko huko juu, milima ya Uporoto, kwa wakulima wa viazi na pareto. Asubuhi napanda, jioni nashuka. Lami mpaka Isyonje, halafu udongo. Pikipiki niliyonayo sasa ni ya tatu. Ya kwanza niliinunua kwa mtu, imeshatumika. Ya pili nilipewa na ofisi. Ya tatu ni yangu mwenyewe, ya mkopo wa SACCOS, na bado naulipa. Zote tatu zimenisomesha, na ada nimelipa kwa magoti.

Nilichojifunza ni hiki: pikipiki hainuni ghafla. Inaanza kwa kuguna kidogo Jumatatu, inabadilisha sauti Jumatano, halafu Ijumaa inakushusha. Tukifika kwa fundi tunasema, "Ilikuwa nzima kabisa, imezima tu." Si kweli. Ilisema, tukaiambia isubiri Jumamosi.

Nianze na asubuhi, maana ndipo kazi inapoanzia.

Julai ya mwaka wangu wa pili, kiti kimelowa umande kama kimemwagiwa ndoo. Napiga kiki, kimya. Napiga tena, inakohoa mara moja, inatulia. Siku ile nilipiga kiki mpaka nikavua koti, na ndani nilitoka nikitetemeka. Akaja jirani, fundi, akaizunguka pikipiki mara mbili akiwa na mikono nyuma. "Mama, hiyo ni pistoni. Tufungue hedi." Akanitajia bei iliyokaribia nusu ya mshahara wangu wa wakati ule. Nikaingia ndani kutafuta simu nimpigie mtu wa kumkopa.

Niliporudi nilimkuta kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita kwenda kijiweni, amechuchumaa pembeni ya injini. Akaniuliza, "Mama, mara ya mwisho plagi uliitoa lini?"

Nikamuuliza, "Plagi ndiyo nini?"

Chekeni tu. Nilikuwa na stashahada ya kilimo na mwaka mzima juu ya ile pikipiki. Akaifungua kwa spana moja, akaniwekea kiganjani. Nyeusi, imejaa masizi, kama kitako cha sufuria ya kupikia kwa kuni. Akaisugua na msasa. Akachomoa mfukoni kipande cha msumeno wa kukatia chuma, akakipitisha pale kwenye mwanya wa cheche ulio mdomoni mwa plagi, akagonga kidogo, akakipitisha tena mpaka kikawa kinapita kwa kugusa. Huo msumeno unene wake ni kama milimita 0.6, na plagi nyingi za pikipiki zetu mwanya wake ndio huo au unazidi nywele. Akairudisha. Kiki ya pili, ikawaka. Pistoni ile sijaifungua mpaka nilipoiuza.

Kwa nini plagi za huku zinajaa masizi? Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mnakopangiwa wengi wenu ni juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi; ukilinganisha na Dar es Salaam, mgandamizo wake umepungua karibu sehemu moja ya tano. Sasa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imerekebishwa kwa hewa ya bondeni haijui kwamba imehamishwa. Inamwaga petroli ileile, hewa haitoshi kuiunguza yote, na kisichoungua kinageuka masizi. Ndiyo maana pikipiki iliyoletwa kwa lori kutoka Pwani inafika hapa inatoa moshi mweusi, inakula mafuta, na mlimani haina nguvu, mwenyewe analalamika ameuziwa bovu. Haijawa bovu. Mtafute fundi anayejua, ateremshe sindano ya kabureta kituo kimoja ili petroli ipungue, uone. Na choki, ile inayobana hewa ili injini iwake kwenye baridi, ukiivuta asubuhi, irudishe injini ikishapata moto. Nimewahi kuwasindikiza watu wawili mpaka Igawilo nikiwapigia kelele, "Choki! Choki!" na wao wananipungia mkono wakidhani nawasalimia.

Halafu mafuta. Huko juu hakuna sheli. Petroli utainunua dukani, kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa juu ya meza, na sisemi mwenye duka ni mwizi, wengi wao ni watu waungwana. Lakini chupa iliyooshwa haikukauka, mrija uliolala nje kwenye mvua, dumu lisilo na kifuniko, vyote hivyo ni maji. Hata tangi lako mwenyewe ukililaza nusu kwenye baridi, unyevu wa ile hewa ya ndani unageuka vitone kwenye kuta na kuteremka. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na kabureta inavuta kutoka chini. Kwa hiyo pikipiki inawaka vizuri, unaagana na watu, unakwenda hatua mia mbili, inazima. Unapiga kiki inawaka, hatua mia mbili tena, inazima. Ukiona mchezo huo, usimwite mtu akufungulie injini.

Kabla ya kununua, inyanyue ile chupa uiangalie kwenye mwanga, uilaze kidogo. Kama kuna maji utaona vitone vya duara vinaviringika chini kabisa, vinakimbizana bila kuchanganyika, kama zebaki. Mrudishie chupa yake kwa adabu. Na kama umeshamimina, chini ya kile kibakuli cha kabureta kuna skrubu ndogo. Zima, iache ipoe, mwenye sigara akae mbali, ilegeze kwa bisibisi mzunguko mmoja au mmoja na nusu, yatoke kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, ifunge. Nimemwonyesha mzee mmoja wa viazi skrubu ile, akanipa jogoo. Nitawaonyesha na ninyi bure.

Sasa nije kwenye aibu yangu ya kwanza.

Waya wa klachi umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi za chuma. Haukatiki wote siku moja. Unakatika uzi mmoja pale kwenye kichwa chake, ndani ya mkono wa klachi, halafu wa pili, halafu wa tatu. Ukiuvuta ule mkono na kuchungulia, unaziona zimesimama kama ndevu za mbuzi. Mimi niliziona Jumatatu. Nikasema Jumamosi nakwenda Mwanjelwa kununua mwingine. Jumamosi kukawa na msiba. Jumamosi iliyofuata, kikoba. Ya tatu nilifika mpaka Mwanjelwa, nikanunua viatu vya mtoto na dagaa, nikarudi.

Ulikatika Alhamisi ya wiki ya nne, natoka kazini, niko nyuma ya Fuso la viazi linalopanda kwa gia ya kwanza. Mkono wangu wa kushoto ukavuta, ukakuta hakuna kitu, kama unampa mtu mkono naye ameshaondoka. Pikipiki ikaruka, ikazima, mimi na yeye tukalala kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia. Fuso halikujua hata kama nilikuwepo.

Mzee mmoja akanifundisha pale pale kuendesha bila klachi, na ninyi mjue, maana itawakuta. Geuza pikipiki iangalie mteremko. Iwashe ikiwa nyutro. Isukume kwa miguu kama mtoto anayejifunza baiskeli, ikishatembea yenyewe, kanyaga gia ya kwanza kwa nguvu. Itaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ishikilie. Gia ya pili ingiza kwa kuachia mafuta kidogo, ile nafasi injini inapopumua, kanyaga. Kilichobaki ni kimoja tu: usisimame. Nilifika Uyole sijasimama popote. Pale njia panda askari alinipungia mkono nisimame, nikampungia na mimi. Afande, kama uko humu, naomba radhi. Sikuwa na klachi.

Tangu siku ile waya wa akiba nimeulaza sambamba na ule unaofanya kazi, nimeufunga kwa utepe mweusi, ncha zake zote ziko karibu na mahali pake. Ukikatika mmoja nahamisha vichwa tu. Dakika kumi, hata gizani.

Cheni nitaisema kwa ufupi. Inyanyue kwa kidole katikati ya njia yake ya chini, icheze upana wa vidole viwili. Zungusha gurudumu upime na sehemu nyingine, maana cheni haichakai sawasawa. Upande mmoja unaweza kuwa umelegea na mwingine umekaza kama kamba ya kuanikia. Msiipake oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Najua kila mtu anaipaka. Hiyo oili ikikutana na vumbi, na tangu ianze kujengwa hii njia nne ya kutoka Nsalaga kwenda Ifisi vumbi tunalo la kutosha na kugawa, inageuka kuwa msasa wa majimaji unaokula cheni na spoketi kwa pamoja. Na ile loki ya kuungia cheni, ikiwa upande wa juu, mgongo wake ulioziba uangalie mbele, mdomo ulio wazi uangalie nyuma. Mwalimu mmoja jirani yangu aliiweka kinyume. Loki ikang'oka, cheni ikajikunja kwenye spoketi ya mbele, ikapasua kava la injini. Oili yote ikaenda barabarani, na mwalimu naye akaenda nayo kidogo.

Pancha siisemi sana. Mafundi pancha wapo mpaka chini ya miparachichi. Ila mjue kwamba ukizoea kutembea na tairi lisilo na upepo wa kutosha, siku moja tairi litateleza juu ya rimu na kuvuta tyubu, shina la vali litachanika. Hapo kiraka hakishiki. Kwa hiyo msibebe viraka peke yake, bebeni tyubu nzima na pampu ya baiskeli, hata kama wenzenu watawacheka.

Hili linalofuata nitalisema polepole.

Nilipoanza kazi, wazoefu waliniambia, "Ukitoka Isyonje kurudi Uyole, mteremko unakusaidia. Zima injini, weka nyutro, unashuka bure." Na kweli, mafuta ni ghali, mshahara mnaujua. Nilishuka hivyo miaka miwili. Kuna raha yake pia, sitaki kudanganya. Kimya, upepo tu masikioni, unasikia ndege, unasikia watu wanaongea kwenye mashamba ya viazi. Nilipiga hesabu kwamba naokoa chupa moja ya petroli kwa wiki, na hesabu ile niliipenda sana.

Jioni moja ya Aprili nilikuwa nashuka na gunia la mbegu za viazi nyuma, la shamba la mfano. Kiza kilikuwa hakijaingia sawasawa. Nimezima, nimeweka nyutro, nashikashika breki kila mara kwa sababu mzigo unanisukuma. Mnazijua breki za gurudumu la nyuma za pikipiki zetu, zile za duara zilizofungiwa ndani. Zikibanwa mfululizo zinapata moto, na zikipata moto hazishiki. Nilianza kusikia harufu kama kwato inayoungua. Nikadhani kuna mtu anachoma kitu shambani. Hiyo ndiyo ilikuwa pikipiki inaniambia, na mimi natafuta moshi kwa majirani.

Kwenye kona ukungu ukanipokea. Si ule wa kutambaa. Ulikuwa ukuta. Nikapeleka mkono kwenye swichi ya taa, nikawasha, hakuna taa. Nikazima nikawasha tena. Hakuna. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, maana jibu lilikuwa mikononi mwangu: ile pikipiki, kama nyingi za bei yetu, taa yake ya mbele ilikuwa haili betri, inakula umeme unaotoka kwenye injini moja kwa moja. Injini umeizima, taa umeizima. Nilikuwa nimeikata taa yangu mwenyewe kilomita tatu nyuma ili niokoe petroli.

Nikakanyaga breki ya nyuma, ikazama mpaka mwisho, pikipiki haikupungua hata kidogo. Ya mbele nikaivuta, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, sikujua nimeivuta kiasi gani. Ndani ya ukungu zikatokea taa mbili za lori, ziko juu, za njano, zinapanda taratibu. Dereva hakuniona, angenionea wapi? Nikaipeleka kushoto, kwenye mtaro.

Nakumbuka sauti. Si yangu. Sauti ya viazi vikibingirika kwenye lami, tok, tok, tok, vinashuka mlima bila mimi.

Aliyenikuta ni bibi mmoja wa Kinyakyusa na mjukuu wake, wanatoka kupeleka maziwa, dumu tupu mkononi. Akaniinua. "Ndaga mwanangu, ndaga." Akafungua kitenge chake cha kiunoni akaniviringishia goti, lilikuwa limefunguka mpaka kunaonekana kweupe. Mjukuu akaanza kuokota viazi kwa tochi ya simu, kimoja kimoja, anaviweka kwenye kofia yangu ngumu. Yule bibi alipohakikisha nimeketi, akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi, akauliza, "Mbona ulikuwa huna taa?"

Nilikaa nyumbani wiki sita. Goti hili sasa linatabiri mvua kuliko redio.

Kwa hiyo mteremkoni injini iwe inawaka, na gia iwe ileile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo. Ukiachia mafuta, injini yenyewe inakushikilia, inaguna tu. Breki unazigusa kwa vipindi, unabana, unaachia zipoe. Tena kwa pikipiki ya namna ile, injini ikienda polepole mno taa inafifia, kwa hiyo gia ya chini kwenye ukungu inakupa vitu viwili, inakushika na inakumulikia. Itakula mafuta? Itakula kidogo. Mtakaorudi kuniambia kuwa mnaokoa chupa kwa wiki, nitawaonyesha goti.

Na mvua ya kwanza ya Novemba, ninyi wa barabara kuu, ndiyo mbaya kuliko ya Februari. Malori yanayokwenda Tunduma yamedondosha dizeli na oili tangu kiangazi, mvua kubwa bado haijaosha, maji kidogo tu na kona inakuwa kama imepakwa mlenda. Siku hiyo hata kama umechelewa, chelewa.

Ngoja niseme na vile vidogo vya kila siku, maana vinang'oa meno kama vile vikubwa. Stendi ya pembeni. Unaondoka umesahau kuikunja, unakwenda vizuri mpaka ukate kona ya kushoto, inachimba chini, inakurusha. Namshukuru Mungu kwa watu wa Mbeya: hakuna mahali ambapo mtu mzima asiyekujua ataacha kuuza mahindi ya kuchoma asimame akupigie kelele "Stendi! Stendi!" na kukuonyesha kwa mguu. Ukisikia hivyo usimdhanie anakutania. Angalia chini.

Abiria naye. Dada mwenye kanga, kabla hujaondoka mwambie aikusanye, aikalie. Spoku za nyuma hazimwonei mtu haya, zikishika pindo zinavuta mpaka mwenye nguo. Mtoto usimpakie nyuma miguu ikining'inia. Na kila anayeshuka ashukie kushoto, maana ekzosi iko kulia. Wanawake wa mkoa huu, wengi mkitazama upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia mtaona kovu la duara kama sarafu. Mimi ninalo. Huwa tunatambuana.

Baridi yenyewe ni kifaa kibovu, nilishawaambia habari ya vidole. Glavu ni breki. Kama huna koti la maana, chukua gazeti, likunjue, lilaze kifuani chini ya sweta, upepo hautapita. Afisa mwenzangu aliyeniambia hivyo nilimwona mzushi. Sasa nyumbani kwangu magazeti hayatupwi, na mume wangu ananiuliza leo nimevaa lipi.

Kuna jambo naambiwa nisiliseme, nitalisema kwa heshima. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima, na ilikuwa neema, kuna wenzangu walikuwa wanatembea kwa miguu kilomita kumi na tano kwenda kumwona mkulima mmoja. Lakini pikipiki ikishatolewa, picha zikishapigwa, nani anabadilisha oili? Ile yangu ya pili, ya ofisi, miaka mingi kabla ya hizo, nilikabidhiwa na ufunguo na fomu. Spana haikuwemo. Kitabu chake kilisema oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500. Nikajaza fomu ya kuomba fedha ya oili. Fomu ikapanda, ikasainiwa, ikateremka kurekebishwa jina la kata, ikapanda tena. Fedha ilipotoka pikipiki ilikuwa kwenye kilomita 3,000 na zaidi, na oili niliyoimwaga ilikuwa na unga wa chuma unaometa ukiitazama juani. Injini ile haikufika mwaka wa tatu. Kwenye taarifa iliandikwa "uzembe wa mtumiaji." Mtumiaji ni mimi.

Sikuwahi kuijibu ile taarifa. Nilichofanya ni kununua daftari la kurasa thelathini na mbili. Naandika tarehe, kilomita, nimefanya nini, kwa fedha ya nani. Mambo mengi ndani yake ni kwa fedha yangu, na sioni aibu kulifungua mbele ya bosi yeyote. Ninyi mtakaopewa pikipiki za ofisi, ombeni spana na fedha ya oili siku mnapopewa ufunguo, kabla hamjasaini, wakati kila mtu bado anatabasamu. Ukishasaini, umeshakuwa mzembe anayesubiri tarehe.

Naona Mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili, na huko juu mlima umeshavaa kofia. Maswali tutaulizana nje. Pikipiki yangu iko pale chini ya mkaratusi, nimekuja na bisibisi moja, plagi moja iliyojaa masizi na kitambaa. Twendeni kabla manyunyu hayajafika, kila mmoja aitafute ile skrubu ya chini ya kabureta, aifungue na kuifunga kwa mkono wake. Mwalimu, wewe wa Pwani uliyejikunyata pale nyuma, anza wewe. Angalau mikono itapata joto.